Nywele Zetu Hazina Mwalimu

Mzee mwenye kipara akikaa kitako kuandika juu ya nywele, msomaji ana haki ya kutabasamu. Tabasamu, kisha tuendelee. Nilifundisha kwa miaka 38, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwafundisha watu ambao nao wangekwenda kufundisha wengine. Kazi hiyo iliniachia maradhi ambayo kustaafu hakukuyaponya: nikiona jambo linafanywa vibaya nchi nzima siulizi nani mzembe, nauliza nani alipaswa kulifundisha, na kwa nini hakulifundisha. Basi sioni jambo jingine linalofanywa vibaya kwa watu wengi namna hii, kwa fedha nyingi na kwa maumivu ya kweli, kama utunzaji wa nywele za kipilipili.

Mabinti zangu na wajukuu zangu, pamoja na walimu wengi wa kike niliofanya nao kazi, wamekuwa wakihama saluni hadi saluni kama mgonjwa atafutaye mganga. Saluni zenyewe hazijaadimika. Hapa Tanga, kutoka mlangoni kwangu hadi sokoni, kwa mwendo wangu wa fimbo, napita saluni 7. Kilichoadimika ni mtu wa ndani ya saluni hiyo ambaye amewahi kufundishwa kwamba unywele wa mteja wake ni kitu gani. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba nywele zetu ni ngumu. Huo ni uzushi.

Tuutazame unywele wenyewe kama tungekuwa darasani. Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, mkato wake unakaribia kuwa duara. Wa kipilipili umebanwa, una umbo la yai, nao huota ukijizungusha kama springi, ndiyo maana huonekana mfupi kuliko ulivyo. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili kwa watu wote. Katika unywele wa singa mafuta hayo huteremka bila kizuizi mpaka nchani. Katika wa kipilipili hukwama kwenye mizunguko, na ncha hubaki kavu. Zaidi ya hayo, kila unapojipinda pana udhaifu, na hapo ndipo unapokatikia. Ni mambo mawili tu hayo, ukavu na mapindo, na ufundi wote unatoka humo. Maji kwanza, kisha mafuta ili maji yasitoroke. Usichane nywele zikiwa kavu. Gawa mafungu, tumia vidole au chanuo la meno mapana, anza nchani urudi kwenye shina. Suka bila kuvuta. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulijifunza somo hili kwa juma moja, na angebaki na muda wa kucheza.

Bibi yangu kule Muheza hakuwahi kuiona hadubini, lakini somo alikuwa nalo. Jumamosi alasiri wasichana wa nyumba yetu walikaa mkekani chini ya mwembe, mmoja katikati ya magoti ya mwenzake, na yeye bibi akiwa na kikombe cha mafuta ya nazi aliyoyatengeneza mwenyewe: nazi imekunwa kwa mbuzi, tui limekamuliwa na kuchemshwa taratibu mpaka maji yamekwisha na mafuta yamejitenga. Ikikosekana nazi kulikuwa na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Walisukwa twende kilioni, au walifungwa kwa uzi mweusi, na shule ya Jumatatu iliwakuta nadhifu. Sitaki kumfanya bibi malaika; alikuwa na mkono mzito, na dada zangu walikuwa wakilia. Lakini mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo yao kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini yake, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakulifanya. Watafiti hao waliajiriwa na kampuni inayouza mafuta ya nazi, kwa hiyo niliwasoma kwa jicho la pembeni. Hata hivyo bibi yangu hakuwa na hisa katika kampuni yoyote, na alikuwa amefika pale pale.

Elimu hiyo ilitutoka vipi? Ilitolewa na kitu tulichokubali kukiita dawa. Lisikilize neno hilo, msomaji. Dawa hutibu ugonjwa. Binti anaposema kwamba ameweka dawa kichwani, lugha yetu wenyewe imekwisha kutangaza kwamba alizaliwa mgonjwa. Na Kiswahili kinachosema "nywele nzuri" kikimaanisha za singa kimemaliza hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Wako wanaodhani kwamba hila hii ilipangwa na wazungu. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1954 huko Chicago, Marekani, George Johnson na mkewe Joan, watu weusi, walianzisha kampuni yao, na bidhaa yao ya kwanza ya kunyoosha nywele ilikuwa ya wanaume. Ya wanawake ilifuata baadaye. Ilikuwa biashara halali ya watu wenye akili, nao walikuwa wakiishi katika nchi ambamo mtu mweusi mwenye nywele zake za asili alifungiwa milango ya ajira. Sisi tuliipokea bidhaa ya namna ile bila kufungiwa mlango na mtu yeyote. Tulijifungia wenyewe.

Kisha miaka ya 1980 ikaja kalikiti. Vijana wa leo hawatanisadiki. Nywele zilizozaliwa zimejikunja zilinyooshwa kwa kemikali, zikazungushwa kwenye vijiti vya plastiki, zikapigwa kemikali nyingine ili zijikunje, halafu mwenyewe akajipaka maji ya mafuta mchana kutwa ili mkunjo huo wa kununua usikauke. Mito ya makochi ya nchi hii ilibeba ushahidi kwa miaka mingi.

Kiini cha dawa nyingi za kunyoosha ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ile ile ambayo mafundi sabuni huichanganya na mafuta na ambayo mafundi bomba huitumia kuzibulia mifereji. Zile zinazotangazwa kwamba hazina kostiki mara nyingi hutumia kalsiamu haidroksaidi, ambayo ni chokaa iliyozimwa, iliyochanganywa na kemikali ya pili. Zote huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na vifungo hivyo havirudi. Ndiyo sababu mteja hurudi kila baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya shina jipya lililoota. Mwaka 2022 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Ilikadiriwa kwamba kati ya wale wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa wale waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, asilimia 4.05. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na idadi hizo zote mbili ni ndogo. Lakini ningependa kujua ni mteja gani wa saluni zangu 7 aliyewahi kuelezwa hata nusu ya sentensi hii kabla ya kukaa kwenye kiti.

Mjukuu wangu mmoja ana kovu juu ya sikio la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ambapo nywele hazitaota tena. Saluni sitaitaja. Alianza kusikia moto baada ya dakika chache akamwambia msusi. "Vumilia kidogo dada, ndiyo inashika," akajibiwa. Akavumilia. Nilipomuuliza kwa nini hakunyanyuka kwenye kiti akanawe, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuruka dirishani ndani ya basi. "Babu, kila mtu mle ndani alikuwa anavumilia." Mimi simlaumu sana hata yule msusi. Ni binti wa miaka 20 na kitu aliyejifunza kazi kwa kumtazama mwenzake, ambaye naye alijifunza kwa kumtazama mwenzake, na mwanzo wa mnyororo huo hakuna mwalimu.

Utasema kwamba siku hizi wako wanaosomea. Ni kweli, na mpwa wangu mmoja ni katika hao. Alikaa miezi 6 kwenye chuo cha watu binafsi, nami kwa uzoefu wangu wa ukaguzi nikaomba kuyaona madaftari yake. Kunyoosha, kupaka rangi, kukausha kwa draya, kushona wigi, kubandika kope na kucha. Nikauliza mazoezi walifanyia wapi. Akanionyesha picha: mabinti 14 wa Kitanzania wamejipanga darasani, na mbele ya kila mmoja kichwa cha plastiki chenye nywele ndefu za singa, za rangi ya mahindi. Miezi 6! Hebu fikiria chuo cha ualimu kinachowaandaa walimu wa Tanzania kwa kuwapa mazoezi ya kufundishia Kiswidi.

Na kabla ya chuo ilikuwepo shule. Katika shule zetu nyingi za serikali msichana hunyolewa kuanzia darasa la kwanza hadi amalize sekondari, zaidi ya miaka 10. Naijua hoja ya usafi, na nimeisikia ofisini kwangu kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Bweni lisilo na maji ya kutosha na wasichana 200 lina haki ya kuogopa chawa. Lakini nimeona kwa macho yangu shule ambamo watoto wenye nywele za singa waliruhusiwa kuziacha na kuzifunga nyuma, huku wenzao wakisimamishwa mstarini mkasi ukipita. Usafi haujui singa wala kipilipili. Kanuni iliyoubagua unywele ule ilikuwa inafundisha somo, ingawa halikuandikwa kwenye ratiba, nao watoto walilielewa vizuri kuliko hisabati. Msichana huyo akimaliza shule akiwa na miaka 18, nywele zake zinaota kwa mara ya kwanza mikononi mwake, hajawahi kuzichana, hajui zinapenda nini. Tunashangaa kwamba anakimbilia dawa?

Chuoni kwangu wanachuo walisuka, au waliacha nywele zao wazi zikiwa safi na zimechanwa. Mgeni mmoja kutoka ofisi ya juu alininong'oneza kwamba yule mwalimu mwanafunzi wa mstari wa mbele "amesahau kujiandaa." Nilimwomba akae nyuma ya darasa amsikilize akifundisha sehemu za kumi. Hakurudia neno lile.

Nisieleweke vibaya. Siwapi wanawake amri juu ya vichwa vyao. Amri hizo tumekwisha kuziona. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na krimu za kujichubua, na kuanzia Januari 1969 wasichana walifukuzwa mitaani na wanaume waliojiita walinzi wa utamaduni. Wigi zilifichwa, zikapumzika, zikarudi. Hakuna darasa hata moja la ususi lililofunguliwa kwa kelele zote zile. Mwanamke anayejua yaliyomo kwenye kopo na bado anataka kunyoosha, na anyooshe. Ninayemtetea ni yule asiyejua, na asiye na mahali pengine pa kwenda.

Wala siwaamini sana wafanyabiashara wapya wa "nywele za asili," ambao wamegundua kwamba fahari nayo huuzika. Mkebe mdogo kutoka ng'ambo, jina tamu, bei ya kuku wawili. Isome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi; kama cha kwanza ni maji, vizuri, maji ndiyo yanayotakiwa, ila ujue kwamba umeyanunua. Kama ni mafuta ya madini na manukato, unayo nafuu sokoni. Siagi nzuri ya shea inakamuliwa kaskazini ya Uganda, jirani zetu kabisa, na nazi hatuna haja ya kuziagiza kokote.

Msusi mzuri yupo, hata hivyo, na hatambuliki kwa vioo vya saluni yake. Huzigusa nywele kabla hajataja bei. Huuliza mara ya mwisho uliweka nini, na lini. Hulowesha kabla ya kuchana. Hazitukani nywele za mtu aliye mbele yake, wala hacheki na wenzake juu yake. Anaposuka pembeni mwa uso mkono wake hulegea, kwa kuwa anajua kwamba misuko inayovuta huondoa nywele za pale moja kwa moja. Mteja anayelazimika kumeza vidonge vya maumivu ili alale usiku ule amesukwa vibaya, hata kama amependeza. Ukimwambia inauma, huacha. Nawajua wawili wa namna hiyo katika mji huu mzima, mmoja anasukia barazani kwake na hana hata kibao. Wote wawili walifundishwa na bibi zao.

Mwenye chuo cha ususi anayesoma ukurasa huu aanze na vile vichwa vya plastiki. Vyenye nywele za kipilipili vinatengenezwa na vinauzwa. Akiviona ni ghali, wale mabinti 14 wamekuja darasani na vichwa vyao.