SAYANSI NYUMBANI: Nani Apigaye Ngoma ya Moyo?

Mwanafunzi mmoja aliyerudi Nairobi kutoka likizo kwa nyanya yake huko Sericho, Kaunti ya Isiolo, aliniuliza: "Nyanya husema maziwa ya ngamia huutia moyo nguvu. Ni kweli?"

Jibu linaanzia London. Mwaka 1883, daktari Sidney Ringer aliona kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kudunda katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya mfereji. Alipotumia maji yaliyoondolewa madini, ulidhoofika ukasimama. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu, madini yale yale yajengayo mifupa.

Juu ya chumba cha kulia cha moyo mna kikundi kidogo cha seli ambazo ndizo wapiga ngoma. Kila seli ina ghala ya kalsiamu. Muda mfupi kabla ya pigo, ghala huvuja kidogo. Kalsiamu hiyo ikitolewa nje, sodiamu huingia, na umeme wa seli hupanda. Ukifika kiwango chake, seli hulipuka kwa umeme na moyo hudunda. Kisha ghala hujazwa tena. Ukimkimbiza ngamia aliyepotea, adrenalini huharakisha mzunguko huo. Ukipumzika, mishipa ya fahamu huutuliza.

Je, nyanya amekosea? Si sana. Maziwa ya ngamia yana kalsiamu, na mifupa huihitaji. Lakini kikombe cha ziada hakibadilishi mwendo wa moyo, kwani mwili hulinda kipimo cha kalsiamu katika damu, na ikipungua huchota akiba mifupani.

La kuogopwa ni kuazimana vidonge vya presha. Baadhi yake, kama verapamili, hufunga milango ya kalsiamu na kupunguza mwendo wa moyo. Humfaa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Jirani ambaye moyo wake tayari ni wa polepole vyaweza kumwangusha, na kutoka Sericho hadi hospitali ya mjini Isiolo si karibu.

Leo, mweke babu vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Mwanariadha huweza kuwa chini ya hapo bila dhara. Lakini yakiwa machache na kuna kizunguzungu au kuzirai, usingoje: mpeleke hospitali.