Rangi ya shasi ni shauri yetu pia

Wandugu wachimbaji, wa mama na wazee wa Obokote,

Kuna watu watacheka: sendika sasa inaingia mpaka kwa mambo ya rangi ya gari? Ndiyo, tumeingia. Asubuhi sisi njo tunapanda nyuma ya kamio, na mangaribi kamio ile ile njo inaturudisha kwa watoto. Shasi ikikatika mulimani, haikatikii patro. Inakatikia sisi.

Tulishaona. Kamio moja yenye kutubeba ilikatika shasi kwenye mutelemko. Mungu alisaidia, ilikuwa inaenda polepole, watu waliumia mikono na miguu tu. Tulipoinama kuangalia chini, chuma ilikuwa nyeusi, inang'aa, imepakwa gudroni wiki chache mbele. Tukakwangua na kisu. Gudroni ikatoka sawa vile ganda la ndizi. Ndani yake maji, na kutu yenye kuanguka kama unga. Na pale ilipokatika, nusu ya ufa ilikuwa na kutu tayari. Maana yake ufa haukuwa wa siku ile. Ulikuwa wa zamani, na gudroni ilikuwa imeuficha.

Turudie kidogo jinsi kutu inazaliwa. Chuma ikipata maji na hewa, inaanza kuliwa. Kwetu Lubutu tuko karibu kabisa na ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Tope nyekundu inaingia kwenye viungo vya shasi, inakaa pale na maji yake, hata kama jua inawaka. Mawe ya njia nayo yanapiga chini ya gari na kutoboa rangi. Basi rangi ya shasi inapashwa kushika sana kwa chuma, kuvumilia mawe, na kutuachia macho ya kuona chuma iko namna gani.

Sasa tuangalie yale watu wanapaka. Mafuta machafu ya moteri haikuombi franga, lakini mvua inayaosha mpaka kwenye mito tunakochota maji. Yanaharibu mipira ya resori na ya freni, na kuyashika kila siku na mikono mitupu kunaweza kuleta ugonjwa mubaya wa ngozi. Rangi ya nyumba inabanduka haraka. Gudroni juu ya chuma safi na kavu inaweza kusaidia. Lakini juu ya kutu, ikishapasuka mahali kadogo, maji yanaingia chini na hayatoki tena. Ni kufunga mwizi ndani ya nyumba.

Kuna mambo ya viwanda vikubwa. Kuchovya chuma ndani ya zinki yenye kuyeyuka, kwa moto wa digri 450 hivi, ni kinga nzuri sana. Rangi ya unga yenye kupikwa ndani ya furu, digri karibu 200, nayo inapendeza. Lakini nani atafungua shasi nzima, aipeleke wapi? Tusidanganyane. Tena fundi asifanye sudure juu ya chuma ya zinki bila kuondoa zinki kwanza: moshi wake unaleta homa.

Yenye kufaa kwetu ni hii: kukwangua kutu yote na brosi ya chuma, kuosha, kuacha ikauke kabisa, kupaka antirui ya zinki ao ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, halafu rangi ya juu ya kijivu ao nyeupe. Ndani ya vyuma vyenye uwazi, mahali brosi haifiki, grese. Tusipake mipira ya freni, diski, wala mahali pa kutia grese. Na kama kuna rangi nyekundu ya zamani, ile ya minio, ina risasi ndani: fundi avae maski, asirudi nyumbani kwa watoto na vumbi ile juu ya nguo.

Kwa nini kijivu ao nyeupe? Ju ya rangi ya wazi, ufa unaonekana. Kutu inatoka pale kama machozi mekundu, hata mutoto anaiona. Rangi nyeusi inaficha. Pale njo tofauti yetu na wakubwa wa kazi: wao wanatafuta gari ipendeze siku ya wageni, sisi tunatafuta kuona.

Watatuambia antirui ya muzuri ni bei kali. Si kweli kwamba kopo njo linawauma. Kazi hii inaomba gari isimame siku mbili tatu ikauke, na siku gari inasimama, muzigo hautoki. Bei ya kweli ni zile siku. Gudroni inapakwa usiku, asubuhi gari inatoka. Basi tuulizane bila haya: siku tatu za gari na miguu ya mutu, kipi ni gali?

Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, Kodi ya Kazi, inatambua wadelege wa sendika, na inaweka komite ya usalama na usafi kazini. Komite isiwe ya kunywa chai. Tunaomba mambo tatu. Mudelege aite fundi, waangalie shasi pamoja ikiwa imekwanguliwa, mbele ya rangi. Yale wameona yaandikwe. Na kamio yenye ufa isibebe watu mpaka itengenezwe.

Na sisi wenyewe? Wandugu, tuoshe tope chini ya gari kila mwisho wa juma. Mbele ya kupanda, tuiname, tuangalie. Na wewe mama, bwana akichelewa asubuhi kwa sababu alikuwa anaangalia chini ya kamio, usimugombeze. Anatafuta njia ya kurudi.