Tufunge mlango usioonekana

Mtu anayepita jioni katika mitaa ya Misungwi ataziona nyumba za watumishi wa umma zimezungushiwa uzio. Baadhi zina ukuta wa matofali, nyingine zina minyaa iliyopandwa tangu enzi za wazee, na karibu zote zina kufuli langoni. Mwenye nyumba hulala akijua kwamba mbuzi wake wako salama na baiskeli yake imo ndani. Lakini nje ya uzio huo huo huenda mpita njia akawakuta vijana watatu au wanne wameketi kimya, vichwa vimeinama juu ya simu. Hawakuvunja kufuli wala kuruka ukuta. Wamekwisha kuingia ndani kwa njia ya mawimbi ya waifai, ambayo hayatambui minyaa wala matofali.

Jambo hili wengi wetu hulichukulia kama mzaha. Bando likiisha kabla ya wakati wake, mwenye nyumba hulalamika kwamba kampuni ya simu imempunja. Ruta ikizorota, huipigapiga kwa kiganja. Ni wachache wanaojiuliza swali lililo rahisi zaidi: je, ni nani mwingine anayeitumia?

Tunapenda kusema wazi kwamba suala hili si la bando peke yake. Mwaka 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na tangu Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa utaratibu huo zilianza kuzimwa. Utaratibu huo unahusu pia laini iliyomo ndani ya ruta ya mwalimu au ya karani wa halmashauri. Maana yake ni nzito. Mtu akituma matusi, akimtapeli mjane au akisambaza picha chafu kupitia ruta hiyo, nyayo ambazo mpelelezi atazikuta kwanza ni za laini, na laini ina jina na kidole cha mwenyewe. Mgeni asiyealikwa hali bando tu. Anatembea mjini amevaa jina la mwenye nyumba.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila haki. Kwa hiyo kijana anayechezea nywila ya jirani mpaka akaipata asijidanganye kwamba anafanya utundu wa kitoto. Lakini sheria humwadhibu mkosaji baada ya kosa kutendeka na baada ya ushahidi kupatikana. Haiwezi kumrudishia mwalimu siku alizopoteza akijieleza kituoni, wala heshima iliyochafuka mbele ya wanafunzi wake.

Swali la wajibu wa mwenye mtandao si geni duniani. Mei 12, 2010, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilitoa hukumu katika shauri la mtu mmoja ambaye laini yake ya nyumbani ilitumika kugawa wimbo kinyume cha sheria wakati yeye mwenyewe yuko likizoni. Mahakama haikumtoza fidia ya wimbo, kwa kuwa si yeye aliyeugawa. Hata hivyo ilisema kwamba alikuwa na wajibu wa kuulinda mtandao wake kwa nywila yake mwenyewe iliyo imara, badala ya kuiacha ile aliyoikuta kiwandani. Baadaye Wajerumani walibadilisha sheria zao kuhusu wajibu huo, nasi hatuongozwi na sheria za Ujerumani. Lakini mafundisho ya shauri hilo yanatuhusu: mtu anaweza kuwa mbali kabisa, hana hatia yoyote, na bado akaitwa kujieleza kwa sababu ya mlango aliouacha wazi.

Kwa mtumishi wa umma wajibu huo ni mkubwa zaidi, maana siku hizi ofisi imeingia sebuleni. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Likizo na uhamisho huombwa kwa mfumo wa ESS, na utendaji wa kazi hupimwa kwa PEPMIS. Alama za wanafunzi, orodha za watumishi na barua za halmashauri hupita katika ruta ile ile inayotumiwa na watoto kutazama katuni. Ni kweli kwamba mifumo mingi ya leo husafirisha taarifa zikiwa zimefumbwa, na jirani hawezi kuzisoma kirahisi. Lakini mtu aliyekwisha kuingia katika mtandao wa nyumbani anaweza kufikia mafaili yaliyoachwa wazi kwenye kompyuta. Tena akiipata nywila ya ruta yenyewe, anaweza kuwapeleka wenye nyumba kwenye tovuti za uongo bila wao kujua. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Anayetunza taarifa za watoto wa watu hawezi kusema kwamba hayo hayamhusu.

Wako watakaotuuliza: je, kuufunga mtandao si uchoyo? Sisi tulilelewa katika ujirani wa kuombana chumvi na kuazimana jembe. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo hapa hapa Usukumani. Wazee walikuwa na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Ngitili haikuwa alama ya uchoyo. Ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mipaka, na jirani aliyehitaji aliomba na kupewa kwa utaratibu. Malisho yasiyo na mwangalizi yaliliwa yakaisha, na kiangazi kilipofika hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa mwenzake. Hapana ukarimu katika kitu kilichoibwa, na hapana ujirani baina ya mtu anayechukua na mtu asiyejua kwamba anachukuliwa.

Basi tufanye nini? Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka Mwanza mjini. Inahitaji nusu saa na uangalifu.

Kwanza, tujue kwamba ruta ina funguo mbili. Ufunguo mmoja ni wa kujiunga na mtandao, na wa pili ni wa kuingia katika mipangilio ya ruta yenyewe. Huu wa pili wengi hawajapata kuugusa. Ruta nyingi hutoka kiwandani na neno lile lile linalojulikana dunia nzima, nalo likiachwa hivyo, aliyeingia sebuleni anaweza kubadilisha makufuli yote ya nyumba. Funguo zote mbili zibadilishwe siku ruta inaponunuliwa.

Pili, nywila iwe ndefu. Utaratibu wa waifai huruhusu herufi kuanzia 8 hadi 63, na urefu ndio ngao. Mwizi hunasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganishwa, kisha huenda nazo nyumbani na kuiachia kompyuta yake ijaribu mamilioni ya maneno usiku kucha. Namba ya simu ya mwenye nyumba, jina la mtoto wake au mwaka wa kuzaliwa havichukui muda kuvunjwa. Maneno manne au matano yasiyohusiana, hata yakichanganya Kiswahili na Kisukuma, ni rahisi kwa mwenyewe kuyakumbuka na ni mzigo kwa mwizi.

Tatu, tuchague aina ya ulinzi. Aina ya kale iitwayo WEP, iliyotoka mwaka 1997, udhaifu wake ulibainika mwaka 2001, na leo huvunjwa kwa dakika chache. WPA2 ilitoka mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Tuchague WPA3 kama ruta na simu zetu zinaiweza, vinginevyo WPA2. Kile kitufe cha WPS cha kuunganisha kwa urahisi kizimwe. Desemba 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili. Hivyo mwizi hahitaji kujaribu mara milioni 100, bali kama mara 11,000 tu. Wapo pia wanaodhani kwamba kulificha jina la mtandao kunatosha. Hilo ni sawa na kung'oa kibao cha namba ya nyumba na kuuacha mlango wazi.

Nne, tuhesabu wageni. Ukurasa wa mipangilio huonyesha vifaa vilivyounganishwa. Mwenye simu mbili na kompyuta moja akikuta vifaa tisa, ajue kuna jambo. Dawa yake ni kubadilisha nywila, maana hapo wote hutoka na kila mmoja hulazimika kubisha hodi upya. Tukumbuke pia kwamba simu nyingi za siku hizi huweza kuonyesha nywila kwa msimbo wa picha. Mgeni mmoja aliyepewa ruhusa Jumapili anaweza kuwafungulia kumi kufikia Jumatano, bila hata kuijua nywila yenyewe. Ndiyo maana ruta nyingi zina mtandao wa pili, wa wageni, uliotengwa na vifaa vya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo ngitili yetu. Jirani apewe huo, kwa kiasi na kwa muda, na vishikwambi vya shule vibaki upande wao.

Hata hivyo, haitakuwa haki mzigo wote tukamtwika mwalimu. Wauzaji wa ruta wana wajibu wa kumwonyesha mnunuzi namna ya kubadilisha funguo kabla hajatoka dukani, na kukubali fedha kisha kunyamaza ni uzembe. Maafisa TEHAMA wa halmashauri, ambao huitwa mfumo wa ofisi unapogoma, waende pia kwenye vikao vya walimu huko Usagara, Mabuki na Kigongo wakafundishe hatua hizi kwa vitendo. Na wale vijana wa nje ya uzio tusiwatazame kama wezi tu. Wengi wao wanatafuta masomo, kazi na habari, nao hawana uwezo wa kununua bando kila siku. Shule na maktaba zikiwa na mtandao wa umma uliowekwa kwa utaratibu, sababu ya kuvizia kwenye minyaa itapungua sana.

Lakini tusisubiri siku hiyo ifike ndipo tuanze. Kidole kilichosajili laini ni cha mtu mmoja, na yeye ndiye atakayeulizwa. Kila mtumishi wa umma atakaporudi nyumbani leo, kabla ya kufunga lango na komeo, aufunge kwanza mlango ule usioonekana. Jirani mwema atabisha hodi, naye atakaribishwa.