Homa isiyo na jina: matone ya labo yanaweza kusaidia nini mashariki?

Mgonjwa anafika kwenye kituo cha afya na homa kali, anatapika, macho ni mekundu. Beni, Butembo ao Mangina, swali la kwanza ni Ebola. Wanamtoa damu, inapelekwa labo, jibu linarudi: hapana. Jamaa inamshukuru Mungu. Lakini mgonjwa bado iko na homa. Ni malaria? Tifoidi? Ao ni virusi vingine ambavyo hakuna mtu aliyevitafuta? Mara nyingi swali linaishia hapo. Anapewa dawa ya malaria na ya tifoidi pamoja, na jina la ugonjwa halijulikani.

Sababu moja ni namna vipimo vyenyewe vinavyofanya kazi. Mashini ya GeneXpert, ambayo wakaaji wengi wameisikia juu ya kifua kikuu na Ebola, inapokea katushi moja kwa mgonjwa mmoja. Katushi yake ya Ebola ilitengenezwa kutafuta aina ya Zaire. Hiyo njo aina iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2287 mpaka Juni 2020. Lakini Isiro, katika Haut-Uélé, mwaka 2012 ilikuwa aina nyingine, Bundibugyo. Kipimo kinajibu tu kile kilichoulizwa.

Kamituga, Kivu ya Kusini, ilionyesha jambo hilo tena kwa njia nyingine. Virusi vya mpox vilivyoenea kule, aina ya Ib, vilikuwa vimepoteza kipande cha jeni, na kipande hicho njo kimoja cha vipimo vya kutambua aina ya kwanza ya mpox kilikuwa kinakitafuta. Kipimo cha mpox kwa jumla kiliviona, lakini kile cha kusema ni aina gani kilinyamaza. Ilibidi watafiti wasome jenomu nzima. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likatangaza hatari ya kimataifa.

Hapa njo ufundi wa matone unaingia. Kila mama anayepika na mawese anajua: maji na mafuta havichangamani. Watafiti wanapitisha maji yenye sampuli ndani ya mifereji myembamba sana, na mafuta yanayakata kuwa matone yenye ukubwa sawa. Kila tone linazungukwa na mafuta, kwa hiyo linakuwa kama chupa ndogo ya kupimia, peke yake. Tone la nanolita moja ni dogo sana: mililita moja katika bomba la sindano inatoa matone milioni moja.

Mwaka 2020, timu ya Pardis Sabeti na Paul Blainey ya Broad Institute, Marekani, ilieleza katika gazeti la Nature njia inayoitwa CARMEN. Matone ya sampuli na matone ya dawa ya kutambua virusi yanapewa rangi za kuyatofautisha, kisha yanamwagwa kwenye sahani yenye vishimo vingi. Mawili mawili yanaingia katika kishimo, bila mtu kuyapanga. Umeme unayaunganisha, na virusi vikikuwepo, mwanga unaonekana. Sahani moja ilifanya vipimo zaidi ya 4500, na walitayarisha vipimo vya virusi 169 vinavyopata binadamu. Siyo swali moja tena, ni maswali mia kwa mara moja.

Inavutia, lakini kabla ya matone, chembe za urithi za virusi lazima kwanza ziongezwe kwa kazi nyingine. Kunatakiwa mikroskopu ya kusoma mwanga, watu waliofundishwa, na umeme usiokatika. Hata kwa wenye kuivumbua, kazi haikuwa nyepesi: mwaka 2022 walitoa namna nyingine inayotumia mashini ya kununuliwa sokoni na vyumba vidogo vilivyo tayari, kwa virusi 21.

Tena sahani kubwa inafaa ikijaa. Mangina, mwaka 2018, sampuli zilizopelekwa Kinshasa mwanzoni zilikuwa sita, na nne zikatoka na Ebola. Sita haziwezi kujaza sahani ya namna ile. Na muda uliopotea haukuwa ndani ya mashini: watu walikuwa wamekwisha kufa kwa wiki kadhaa kabla ya damu ile kupanda ndege. Hakuna tone linalorekebisha hilo.

Kwa hiyo kumwambia munganga wa Kamituga angojee matone ni kumdanganya. Kule, katushi moja kwa mgonjwa mmoja bado ni bora, na katushi zisikosekane. Pahali pa matone ni labo kubwa kama za INRB, Kinshasa na Goma, kwa ajili ya sampuli zilizokwisha kujibu «hapana» kwa Ebola na kwa mpox wakati mgonjwa bado anaumwa. Lakini hata labo kubwa inaweza kutetereka. Wakati wa mapigano ya Goma, Januari 2025, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulieleza wasiwasi juu ya labo ya INRB, kwamba umeme ukikatika, sampuli za magonjwa makali kama Ebola zingeweza kuwa hatari.

Kabla ya kuomba mashini mpya, kila zoni ya afya inaweza kuulizwa jambo moja: damu iliyotoka bila Ebola inawekwa katika frigo gani, na kwa siku ngapi? Ikitupwa siku ile ile, hata mashini yenye vipimo 4500 haitakuwa na kitu cha kupima.