JICHO SI KIPIMO

Mwananchi wa Simbo achotapo maji huyatazama, na akiyaona maangavu huyanywa bila wasiwasi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu, wala hatuwalaumu. Lakini iko sumu ambayo ikisha yeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Sumu hiyo ni zebaki.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika nchi yetu na kwa jirani zetu, huitumia kunasa chembe za dhahabu, na mabaki yake huchukuliwa na mvua hadi mitoni. Humo vijidudu huigeuza ikawa kali zaidi. Samaki wadogo huimeza, wakubwa huwala wadogo, na mwisho humfikia mtu sahanini. Huharibu ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye aumiaye zaidi.

Kule Minamata, Japani, ugonjwa wake ulitangazwa mwaka 1956. Serikali ya huko ilikiri rasmi kwamba taka za kiwanda ndizo chanzo mwaka 1968. Kwa miaka 12 watu walibishana, na sumu iliendelea kumwagwa baharini.

Hatusemi kwamba maji ya Simbo yana sumu, wala dagaa na migebuka wetu. Twasema kwamba jicho si kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa maikrogramu 6 tu za zebaki isiyo ya kikaboni katika lita moja ya maji ya kunywa. Nani awezaye kuziona?

Wataalamu wamebuni kemikali, kama zile za jamii ya rodamini, ambazo zikigusana na zebaki hung'aa chini ya taa maalumu. Kipimo cha namna hiyo chaweza kubebwa hadi kisimani. Hata hivyo tusijidanganye: vingi vingali maabara, na maji yakionekana salama, samaki bado hawana budi kupimwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Ahadi ya taifa hutimizwa kijijini. Kwa hiyo yatupasa, wanachama na wafanyakazi, kuuliza katika mikutano yetu: maji yetu na samaki wetu wamepimwa lini, na majibu yako wapi? Ziwa Tanganyika ni la nchi 4, na maji yake hutoka polepole mno. Kiingiacho leo watakikuta wajukuu.

Shime, ndugu! Usipoziba ufa utajenga ukuta.