Mwananchi ni Nani? Jibu kwa Waandishi wa Safu za Maoni

Ndugu walimu wenzetu, pamoja nanyi wanafunzi mnaoanza kuionja ladha ya lugha hii:

Kwa muda mrefu sasa tumekuwa tukisoma, kwa subira isiyo haba, makala za maoni katika magazeti ya Kiingereza yatolewayo hapa kwetu Uganda. Tumesoma juu ya taka za Kampala, juu ya mafuriko ya kila masika, juu ya wachuuzi wa kando ya barabara na waendesha bodaboda. Waandishi wake ni watu wa elimu, na baadhi yao huandika kwa uchungu wa kweli. Lakini kila tulipoyakunja magazeti hayo tulijikuta tukiulizana swali moja: huyu mwananchi anayesemwa humu ni nani?

Twauliza kwa sababu neno lenyewe ni letu. Waandishi hao huliokota katika Kiswahili na kulipachika katikati ya sentensi ya Kiingereza, mara nyingi katika wingi wake, "wananchi". Tungeweza kufurahi kuona lugha yetu ikialikwa barazani. Ole wetu, neno limefika huko likiwa limekwisha vuliwa nguo. Kwetu sisi mwananchi ni mwana wa nchi. Waziri ni mwananchi. Muuza ndizi ni mwananchi. Mhariri naye ni mwananchi. Katika safu za maoni, kinyume chake, wananchi ni wale wengine: wasio na gari, wakaao bondeni, wasiosikia, watupao taka ovyo. Mwandishi hajihesabu miongoni mwao. Haandiki kamwe "sisi wananchi tumeuchafua mji". Huandika "wananchi wameuchafua mji", kana kwamba yeye amezaliwa na nchi nyingine.

Hilo si kosa dogo la msamiati. Ni kosa la fikira, na kutokana nalo hutoka makosa mengine mengi. Na tuyatazame.

Tuanze na taka. Hoja isemwayo mara kwa mara ni kwamba mwananchi ni mchafu kwa tabia: hutupa chupa na mifuko mitaroni, kisha mvua inyeshapo hulia kwamba maji yameingia nyumbani. Hatukatai kwamba wako watu wa namna hiyo. Twawaona kila siku, na pengine baadhi yao walisoma katika madarasa yetu. Lakini twauliza: ni nani aliyelijaza jaa la Kiteezi? Jaa hilo la wilaya ya Wakiso, kaskazini ya Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wake wa taka uliporomoka ukafukia nyumba na waliomo. Waliokufa walizidi 30, na watoto walikuwamo.

Sasa, taka zile hazikutupwa mtaroni na mtu asiye na adabu. Zilikusanywa, zikapakiwa katika malori, zikapelekwa hasa pale palipoamriwa zipelekwe. Zilikuwa taka za mahoteli na za maofisi, za masoko na za nyumba zenye kuta ndefu. Na bila shaka yalikuwamo magazeti ya juzi, yenye makala za kumlaumu mwananchi. Maiti hazijamaliza kufukuliwa, tayari tulikwisha sikia watu wakiuliza: lakini kwa nini walijenga karibu na jaa? Swali jingine, kwa nini jaa lililokwisha jaa liliendelea kupokea mzigo wa mji mzima, lingefaa kutangulia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kutoka taka, waandishi wetu hukimbilia Kigali. Twaambiwa: tazameni Kigali ilivyo safi, watu wa huko wana nidhamu, ninyi hamna. Ni kweli Kigali ni safi, na jirani akifanya vizuri hatuna budi kumsifu. Ni kweli pia kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hutoka kwa kazi ya pamoja waiitayo umuganda. Lakini wasifuo umuganda husahau jambo lililo wazi kwa mwalimu yeyote wa lugha. Mnyarwanda huitwa kwenye kazi hiyo kwa Kinyarwanda, lugha ambayo karibu kila mtu katika nchi ile aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Kazi ikiisha, watu huketi wakazungumza mambo ya mtaa wao kwa lugha hiyo hiyo. Aamuruye na aamuriwaye husikilizana. Na amri isiyoeleweka huulizwa papo hapo.

Tena, amri ya huko husimamiwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na msafiri aingiaye nayo hunyang'anywa mpakani. Kenya ikafuata mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Hapa kwetu sheria dhidi ya kaveera, ile mifuko myembamba, ilitungwa mapema, mwaka 2009. Miaka ikapita, na mama aliyekwenda sokoni kununua nyanya aliendelea kufungiwa katika kaveera. Mama huyo hana kiwanda cha kaveera, wala hana kalamu ya kutia sahihi ruhusa ya kuingiza bidhaa. Lakini katika makala, mama ndiye mchafu; mwenye kiwanda huitwa mwekezaji.

Tufike sasa kwenye shutuma iliyotuuma zaidi, maana inagusa kazi yetu. Twasoma kwamba mwananchi hajui sheria, hajui haki zake wala wajibu wake, na kwa hiyo haifai kumsikiliza mno. Mwandishi mwenye bidii hunukuu Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 17, ambayo imemwekea kila raia wajibu wa kutunza mazingira safi. Ananukuu sawasawa. Lakini mbona haendelei kusoma mpaka ibara ya 39, isemayo kwamba kila Mganda wa Uganda hii, tajiri kwa maskini, ana haki ya kupata mazingira safi yenye afya? Na mbona harudi nyuma mpaka ibara ya 4? Humo Serikali imepewa kazi ya kuieneza Katiba kwa kuitafsiri katika lugha za nchi, na kuhakikisha kwamba inafundishwa katika vyuo na shule zote. Waulizeni wazazi wa wanafunzi wenu ni wangapi wamepata kushika mkononi nakala ya Katiba katika lugha waijuayo. Kisha tuambieni ni nani aliyeshindwa kutimiza wajibu.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ikiwa mwananchi ni mwana wa nchi, basi nchi ndiyo mzazi. Mzazi anayesema na mwanawe kwa lugha asiyoielewa, kisha akampiga kwa kutosikia, hawezi kujiita mlezi.

Hapo ndipo baadhi ya waandishi hao hao hutugeukia sisi walimu. Wapo waandikao kwamba Kiswahili hakina kazi katika nchi hii, kwamba ni lugha ya askari na ya wezi. Hatuwezi kulifanyia dhihaka jeraha hilo. Wazee wetu walisikia Kiswahili kikitoka katika midomo ya watu wenye bunduki. Na ile kauli ya "panda gari" iliwachukua watu ambao wengine hawakurudi. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 lililokifanya Kiswahili lugha ya taifa halikukisaidia. Lilikitia alama ya dhalimu. Mwenye kumbukumbu hizo ana haki ya kuchelea. Lakini maneno ambayo watu wa kawaida waliyatumia kuwashutumu walanguzi wa miaka ile, "magendo" na "mafuta mingi", yalitoka katika lugha gani? Lugha iliyotumiwa kumwamrisha raia ndiyo iliyotumiwa pia kumsema mkubwa. Ulimi ni mmoja. Wenyewe ndio mbalimbali.

Wala hatudai kwamba Kiswahili ndicho dawa ya kila ugonjwa, au kwamba kila asiyejua Kiingereza hapa Uganda anajua Kiswahili. Wengi hawakijui. Luganda, Kiacholi, Kilugbara, Kinyankole na lugha nyingine zote zina haki ya kuwa na magazeti yake na sheria zake zilizotafsiriwa. Twasema tu kwamba mtaani Kampala, wanapokutana fundi kutoka Gulu, dereva kutoka Kasese, mchuuzi kutoka Busia na mkimbizi kutoka Kongo, mara nyingi ipo lugha moja ambayo yeyote kati yao anaweza kujaribu kumsemesha mwenzake bila kwanza kuonyesha cheti cha shule. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maneno yamekwisha andikwa. Yanangoja watu.

Na hapa, ndugu walimu, hatuna budi kujitazama sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Tumefanya nini na lugha hii darasani? Tumefundisha ngeli mpaka wanafunzi wakaziota usiku. Tumewakaririsha methali mia bila kuwaonyesha ni wakati gani mtu mzima huitumia mojawapo kumjibu aliyemdhulumu. Tumewapa insha ya "Faida za ng'ombe" na "Safari yangu ya Entebbe", mwaka baada ya mwaka. Ni nani kati yetu aliyemfundisha mwanafunzi kumwandikia mhariri barua, kuuliza halmashauri ya mji kwa nini mtaro haukuzibuliwa, kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja? Ikiwa Kiswahili chetu ni cha mtihani tu, basi wale wasemao kwamba hakina kazi watakuwa hawakusema uongo sana.

Kwa hiyo twatoa pendekezo moja, dogo, lisilohitaji fedha za mfadhili. Kila juma mwalimu na achague makala moja ya maoni kutoka gazeti lolote, ihusuyo jambo la mji au la wilaya yake. Wanafunzi waisome, waifasiri kwa Kiswahili chepesi, kisha waijibu. Wakubali palipo na ukweli, wakatae palipo na dharau. Jibu lililo bora libandikwe ukutani ambapo wazazi waijiapo shule watalisoma, na nakala yake apelekewe mhariri. Asipoichapa mara ya kwanza, apelekewe ya pili. Maji hutoboa jiwe kwa kudondoka.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ni siasa, na mwalimu yampasa kujiepusha na siasa. La hasha. Kumfundisha mtoto kusoma kilichoandikwa juu yake, na kukijibu kwa hoja na heshima, ndilo somo la lugha lenyewe. Tukimnyima hilo tumempa jembe lisilo na mpini.

Kwenu ninyi waandishi wa safu za maoni, hatuna chuki. Endeleeni kuandika juu ya taka, mitaro na kodi. Nchi isiyo na wa kuisema huoza kimya kimya. Lakini mkiandika "wananchi", kumbukeni kwamba neno hilo tumewaazima, nasi twalidai lirudi likiwa zima. Litumieni kwa maana yake yote, na siku mtakapolitumia hivyo, mjihesabu ndani yake.