Sogeza Flashi, Mwache Pweza

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana tukiwa fildi kwenye Ghuba ya Chole, kule Mafia, mimi na mwenzangu tulimkuta pweza amejibanza kwenye tundu la tumbawe, kama mita nane chini. Nikapiga picha. Nilipoitazama kwenye kioo cha kamera, pweza alikuwa hafifu, na vidoti vyeupe vimetapakaa kila mahali kama mtu kamwaga sembe majini. Nikarudia, mambo yaleyale. Mwenzangu akachukua kijiti akamchokoa ili atoke peupe. Pweza akapauka, akatema wino, akaondoka zake. Nami sikumzuia mwenzangu, maana nilitaka picha ya ripoti.

Tuseme ukweli: pweza hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali nilipoiweka flashi.

Siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanapwa kwa kasi na kubeba mchanga. Flashi yangu ilikaa juu tu ya lenzi, ikitazama mbele moja kwa moja. Kila chembe iliyokuwa kati ya lenzi na pweza ilipigwa mwanga na kuurudisha kwenye kamera. Waliosafiri usiku kwenda Njombe wanaijua hali hiyo: dereva akiwasha taa kali kwenye ukungu, anachokiona ni ukungu wenyewe, barabara haonekani nayo.

Kesho yake nilirudi na kufanya majaribio kwa jiwe, maana jiwe halibughudhiwi. Kwanza niliirefusha ile mikono ya flashi, nikaipeleka kushoto, nyuma kidogo ya lenzi, nikaigeuza kwa nje ili ukingo tu wa mwanga uliguse jiwe. Vidoti vikapungua mno. Nikaiweka juu, jiwe likapata kivuli chini yake kama la jua la saa sita. Nikaiweka ubavuni kabisa, kila kinundu kikajitokeza. Mwisho nikasogea mwenyewe mpaka kama sentimita 40, na wekundu uliokuwa umepotea ukarudi. Maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine, na mwanga wa flashi nao unapita majini mara mbili, kwenda na kurudi. Ukikaa mbali, hata flashi ya bei mbaya itakupa picha ya bluu.

Yote hayo kwa flashi moja ya kuazima. Kwa hiyo ile hoja ya "bumu halitoshi kununua vifaa" siikubali. Hata hosteli unaweza kujifunza. Chukua jagi la kioo, tia maji na matone machache ya maziwa, weka sarafu ndani. Mulika ukiwa umeibana tochi kando ya kamera ya simu, kisha mulika sarafu kutoka pembeni. Linganisha picha mbili hizo.

Wapo wenzangu wanaosema flashi yenyewe ni bughudha kwa viumbe, bora tuiache. Naiheshimu hoja hiyo, na ndiyo maana sipigi picha ishirini pale zinapotosha tatu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Scientific Reports, kuhusu samaki wa chini kama farasi bahari, ulionyesha kwamba kilichowasumbua zaidi ni kuguswa na kusogezwa, kuliko mwanga wa flashi. Yaani kile kijiti tunachokiona kitu kidogo ndicho chenye madhara makubwa.

Tena kuna suala la ukweli wa kazi yetu. Ukimchokoa pweza ndipo umpige picha, ile rangi uliyoinasa ni ya hofu. Ukiiandika kwenye ripoti kama rangi yake ya kawaida, umedanganya, hata kama picha inang'aa.

Rai yangu ni kwamba kila picha ya kiumbe inayoingia kwenye ripoti zetu za fildi iambatane na mstari mmoja: flashi ilikaa wapi, umbali gani, na je, kiumbe aliguswa? Akiguswa, picha isihesabiwe. Sharti hilo lingekuwepo mwaka jana, ya kwangu isingehesabiwa, na ingekuwa haki.